Kupima Mapenzi ya Watu kwa Nchi za Kigeni

Mara nyingi husikika mtu akisema mbele ya wenzake, "Wafaransa hawawapendi Wamarekani," au, "Wahindi wote huwaogopa Wachina." Husema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na wanaomsikiliza huitikia kwa vichwa. Walakini akitokea mzee mmoja akamwuliza, "Bwana, wewe umejuaje?" jawabu huwa moja katika haya matatu: amesoma gazetini, ameambiwa na mtu aliyefika huko, au yeye mwenyewe aliwahi kukutana na Mfaransa mmoja. Na Wafaransa ni zaidi ya milioni 65.

Somo hili laeleza jinsi wataalamu wanavyojaribu kujua jambo hilo kwa njia iliyo bora kuliko kubahatisha, na mambo waliyoyaona. Kazi hiyo ina faida yake na ina hatari zake, na msomaji aonaye hesabu za namna hii gazetini yafaa azijue zote mbili.

Bambo la Mfanya Biashara

Mnunuzi wa mahindi hafungui kila gunia na kuhesabu punje. Huchukua bambo, yaani kile kijichuma chenye ncha na mfereji katikati, akalichoma gunia na kutoa punje chache. Kwa punje hizo huijua hali ya gunia zima. Lakini mnunuzi mwerevu hachomi juu tu, kwa maana ajua kwamba wako wauzaji waziwekao punje nzuri juu na mbovu chini. Huchoma juu, katikati na chini, na magunia ya nyuma pia.

Wapimao maoni ya watu hufanya vivyo hivyo. Huchagua watu kama 1,000 katika nchi nzima, wa mjini na wa shamba, wanaume na wanawake, matajiri na maskini, wazee na vijana, wakawauliza wote maswali yale yale. Wakichaguliwa kwa namna ya kura, isiyompendelea mtu, jawabu la watu hao 1,000 huwa karibu sana na jawabu la taifa zima. Tofauti yake, kwa kawaida, haizidi watu 3 katika kila 100, upande huu au upande huu. Msomaji na aishike hesabu hiyo ya 3, maana itahitajiwa baadaye.

Kwamba wingi peke yake haufai kitu kulionekana Marekani mwaka 1936. Gazeti moja kubwa, Literary Digest, lilipeleka karatasi kwa watu milioni 10 kuwauliza watamchagua nani kuwa Rais. Karatasi zaidi ya milioni 2 zilirudi, na kwa hizo gazeti likatangaza kwamba Bwana Landon atamshinda Bwana Roosevelt. Siku ya uchaguzi Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi ya watu wale yalitolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na katika miaka ile ya shida maskini wengi hawakuwa na simu wala motokaa. Tena wengi waliopelekewa hawakujibu. Bambo lilichoma juu ya gunia tu. Mtu mmoja, George Gallup, aliyekuwa ameanza kazi ya kupima maoni mwaka 1935, aliwauliza watu wachache zaidi lakini kwa mpango mwema, naye akamtaja mshindi wa kweli.

Swali la Mataifa Tisa

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UNESCO lilitaka kujua ni nini kiwafanyacho watu wa taifa moja kulipenda au kulichukia taifa jingine. Mwaka 1948 maswali yakaanza kuulizwa katika nchi tisa: Australia, Uingereza, Ufaransa, Italia, Uholanzi, Norwe, Meksiko, Marekani, na ile sehemu ya Ujerumani iliyokuwa chini ya Waingereza. Wataalamu wawili, William Buchanan na Hadley Cantril, waliyakusanya majibu na kuyatoa katika kitabu mwaka 1953.

Watu walipewa orodha ya maneno 12, kama vile wenye bidii, wenye akili, majasiri, wakarimu, wapenda amani, wenye majivuno, wakatili, wakaambiwa wachague yawafaayo Warusi, Wamarekani, na watu wa nchi yao wenyewe. Watu wa kila nchi walijichagulia maneno mazuri. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Lililowashangaza wengi ni lile walilolionyesha wataalamu hao juu ya sifa walizopewa wageni. Watu hudhani kwamba twawachukia wakatili kwa sababu ni wakatili. Kumbe mara nyingi huwa kinyume chake: kwanza serikali mbili hugombana, kisha watu huanza kuona ukatili upande wa pili. Mwaka 1942, Urusi ilipokuwa ikipigana pamoja na Marekani, Wamarekani walisema kwamba Warusi ni watu wa bidii na ushujaa. Mwaka 1948 urafiki ulikuwa umekwisha, na neno "wakatili" lilikuwa limepanda sana. Warusi wenyewe ni wale wale. Mtoto aliyezaliwa Moscow mwaka 1942 alikuwa bado hajatimiza miaka saba.

Wamarekani walioulizwa habari za Wajapani katika mwaka ule wa 1942 walichagua maneno ya usaliti na ukatili. Hapo pana habari isiyofaa kupitwa upesi. Ndege za Japani zilikuwa zimeshambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na hasira ya Wamarekani juu ya serikali ile ilikuwa na sababu. Lakini hasira haikuvuka bahari kwenda kuitafuta serikali iliyofanya tendo hilo, ilimwangukia jirani. Katika mwaka 1942 watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, waliokuwa wakikaa upande wa magharibi wa Marekani, walitolewa katika nyumba zao, mashamba yao na maduka yao, wakapelekwa katika makambi yenye ua wa seng'enge na walinzi wenye bunduki. Walio wengi kati yao walikuwa wamezaliwa Marekani na walikuwa raia wa nchi hiyo kwa sheria. Walikuwamo wazee, na watoto wa shule, na wanawake wenye vichanga. Wengi waliuza mali zao kwa siku chache kwa bei ya kutupa. Haikuwa mpaka mwaka 1988 serikali ya Marekani ilipokiri kosa kwa sheria, ikaomba radhi, na kuahidi dola 20,000 kwa kila mmoja aliyekuwa bado hai. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Leo Japani ni miongoni mwa nchi zipendwazo zaidi na Wamarekani. Gallup alipouliza mwaka 2023, zaidi ya watu 80 katika kila 100 waliitaja kwa wema.

Kipimajoto

Mwaka 1964 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walianza kutumia njia nyingine. Mtu huonyeshwa picha ya kipimajoto, mfano wa kile awekacho mganga wa hospitali chini ya ulimi wa mgonjwa, lakini chenye alama tangu 0 mpaka 100. Akiipenda sana nchi fulani ataja 90 au 100. Akiichukia ataja 10 au 0. Na 50 ni katikati, wala hapendi wala hachukii. Baraza moja la mji wa Chicago lishughulikalo na mambo ya nchi za nje limetumia kipimo hicho tangu mwaka 1978 kuwauliza Wamarekani habari za nchi za dunia. Kwa kawaida Kanada na Uingereza ndizo zilizokuwa juu. Urusi ya Kisovieti ilikuwa chini ya digrii 30 mwaka 1982, wakati majeshi yake yalipokuwa Afghanistan. Mwaka 1990, baada ya Gorbachev kuilegeza nchi na ukuta wa Berlin kubomolewa, ilifika karibu na digrii 60.

Kipimo hicho ni chepesi kwa Mwingereza au Mmarekani, kwa kuwa katika lugha yao upendo ni joto na chuki ni baridi. Kwa Mswahili sivyo. Kwetu mtu wa moto ni mtu mkali, na maneno ya moto ni maneno ya ugomvi. Aliyepata nafuu ya huzuni husema moyo wake umepoa, na mji uliotulia baada ya fujo husemwa umepoa. Basi mwulizaji akija kijijini na kusema, "Je, una joto kiasi gani juu ya Wajapani?" si ajabu mzee akadhani anaulizwa amekasirika kiasi gani, akajibu sufuri kwa nia njema kabisa! Na sufuri hiyo itaandikwa, itajumlishwa, na kuchapishwa ng'ambo kuwa ni chuki. Lugha yetu hupima jambo hili kwa kukunja na kukunjua: mpendaji ana moyo mkunjufu, na mwenye chuki amekunja uso. Hapana ubaya kuuliza kwa njia hiyo. Wapimaji wenye busara huacha mfano wa joto katika lugha isiyoujua, wakauliza wazi tu: una maoni mazuri sana, mazuri kidogo, mabaya kidogo, au mabaya sana?

Iko hila nyingine ndani ya kipimajoto. Ile alama ya 50 hutumiwa na watu wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja ameisoma nchi ile, ameona mema yake na mabaya yake, akayapima yakawa sawa. Wa pili hajapata kusikia habari zake tangu azaliwe, naye aona haya kusema sijui. Kwenye karatasi wote wawili ni 50.

Na haya hiyo ya kusema sijui yaweza kumpeleka mtu mbali. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Eugene Hartley, katika kitabu alichokitoa mwaka 1946, alieleza jinsi wanafunzi wa vyuo vya nchi hiyo walivyoulizwa kama wangekubali kukaa pamoja na watu wa makabila na mataifa mbalimbali: wangekubali kuwa majirani zao, kufanya kazi nao, kuoana nao. Katika orodha alikuwa ametia mataifa matatu ya kubuni, kama Wadaniria na Wapirenia, ambao hawapo popote duniani. Wengi waliwakataa hao pia. Na waliowakataa Wadaniria walikuwa kwa kawaida ni wale wale waliowachukia watu wa kweli waliokuwa katika orodha. Chuki yao haikuhitaji kumjua mtu, wala hata kwamba awepo.

Kupanda na Kushuka

Siku hizi yako mashirika kadha yafanyayo kazi hii katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Moja ni lile la Pew la mjini Washington, ambalo mwaka 2002 liliuliza watu zaidi ya 38,000 katika nchi 44, Kenya ikiwa mojawapo. Kwa kulinganisha mwaka na mwaka twaona jinsi mapenzi ya watu yanavyopanda na kushuka, na pengine sababu yake huonekana wazi.

Mfano mwema ni Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kupita nchi zote za dunia. Mwaka 2002 watu 61 katika kila 100 huko walikuwa na maoni mazuri juu ya Marekani. Mwezi wa Machi mwaka 2003 majeshi ya Marekani na wenzake yaliingia Iraki. Walipoulizwa tena mwaka huo, waliobaki na maoni mazuri walikuwa 15 tu. Kisha tarehe 26 Desemba 2004 nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi makubwa yakapanda juu ya nchi kavu. Mawimbi hayo yalifika hata pwani ya Somalia na Kenya. Katika Indonesia peke yake watu zaidi ya 160,000 walikufa au kupotea, wengi wao katika jimbo la Aceh. Manowari ya Marekani iitwayo Abraham Lincoln ilikuja karibu na pwani, na helikopta zake zikachukua chakula na maji kuwapelekea watu ambao barabara zao zilikuwa zimefagiliwa na bahari. Mwaka 2005 hesabu ilipanda kutoka 15 hadi 38, na walio wengi walipoulizwa walisema kwamba msaada ule uliwafanya waione Marekani kwa jicho jema zaidi. Hata hivyo 38 si 61. Mkate ulipokewa kwa shukrani, lakini vita vya Iraki vilikuwa vikiendelea, na watu hawakuvisahau kwa sababu ya mkate.

Wamarekani nao walikuwa na hasira zao. Serikali ya Ufaransa ilipinga vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwezi wa Februari 2002 Wamarekani 79 katika kila 100 walikuwa na maoni mazuri juu ya Ufaransa. Katikati ya Machi 2003 walikuwa 34. Katika mahali pa kulia chakula pa Bunge lao mjini Washington, viazi vya kukaanga, ambavyo Wamarekani huviita viazi vya Kifaransa, vilipewa jina jipya la viazi vya uhuru. Viazi vilikuwa vile vile, na mafuta yale yale. Mwaka 2006 jina la zamani lilirudishwa kimya kimya, na baada ya miaka kama kumi ya ugomvi ule Ufaransa ilikuwa imekwisha kupita 70 tena. Hasira ya namna hiyo, isiyo na damu kati ya watu wenyewe, hupoa.

Bwana Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais mwishoni mwa mwaka 2008, hesabu zilibadilika katika nchi nyingi. Ujerumani ilitoka 31 mwaka 2008 ikafika 64 mwaka 2009; Ufaransa ilitoka 42 ikafika 75. Indonesia, ambako Obama alikaa alipokuwa mtoto, ilitoka 37 ikafika 63. Hapa Kenya, nchi ya baba yake, mwaka 2010 zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa na maoni mazuri juu ya Marekani. Watu wengi hudhani kwamba mapenzi hayo yaliletwa na Obama. Sivyo. Mwaka 2007, kabla ya uchaguzi wake, Wakenya zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kusema hivyo. Jina la Obama liliongeza, lakini halikuanzisha.

Katika Uturuki hesabu ilikuwa 12 mwaka 2008, na 14 mwaka 2009. Hapo ndipo ile hesabu ya 3 inapohitajiwa: kutoka 12 hadi 14 si kupanda, kwa maana tofauti hiyo yaweza kuwa ni bahati ya bambo tu. Gazeti liandikalo kwamba "Waturuki wameanza kuipenda Marekani" kwa hesabu kama hiyo lamdanganya msomaji wake, hata kama halikukusudia. Waturuki walikuwa na vita vya Iraki mpakani mwao, na mabadiliko ya Rais hayakuuhamisha mpaka.

Na kushuka kwaweza kwenda mpaka chini kabisa. Urusi, ambayo mwaka 2002 ilitajwa kwa wema na Wamarekani 66 katika kila 100, ilitajwa hivyo na 9 tu mwaka 2023, mwaka mmoja baada ya majeshi yake kuishambulia Ukraine kwa nguvu zote.

Mwenye Kalamu Mlangoni

Majibu yote haya yametoka kwa watu waliokaa na mgeni mwenye karatasi na kalamu, au siku hizi simu. Watu wa nchi nyingi wamezoea kwamba mwenye karatasi aingiaye uani huja kwa ajili ya kodi, au kuhesabu ng'ombe, au kumtafuta mtu. Kwa hiyo mjibuji huangalia kwanza uso wa mwulizaji. Akimdhania ametumwa na serikali, husema lipendezalo serikali. Akimwona amevaa kama mtu wa Ulaya, huzisifu nchi za Ulaya, kwa adabu tu, kama vile mgeni aulizaye kama chakula ni kitamu asivyoweza kuambiwa kwamba uji umeungua. Ndiyo sababu wapimaji wema huwatuma vijana wa lugha ya mahali pale, husema mapema kwamba jina la mjibuji halitaandikwa, na hukubali kuandika "hajui" bila kumsukuma mtu.

Tena huuliza mara mbili pale ambapo wavivu huuliza mara moja: juu ya nchi, na juu ya watu wake. Katika miaka ile ya vita vya Iraki, katika nchi nyingi walioulizwa juu ya Wamarekani walijibu kwa wema zaidi kuliko walioulizwa juu ya Marekani. Mtu aweza kuchukia tendo la serikali, na bado akampenda mwalimu au daktari aliyetoka huko aliyemsaidia mwanawe. Maswali hayo mawili yakichanganywa kuwa moja, tofauti hiyo haionekani tena.

Maswali kwa wale wasomao kwa vikundi: Taja nchi moja ambayo watu wa kwenu huisema vibaya, ni wangapi kati yao waliokutana na mtu wa nchi hiyo, na wangapi waweza kuionyesha katika ramani? Ikiwa gazeti lasema kwamba nchi fulani ilipendwa na watu 45 katika kila 100 mwaka jana na 47 mwaka huu, laweza kusema mapenzi yamezidi? Na lile swali la kipimajoto, mngeliandikaje katika lugha ya nyumbani kwenu?